Mshale wa Kushoto

Mama hakutaka simu. Macho yake yalikuwa yamechoka, na kwenye simu uso wa kaka aliuona mdogo kama punje ya karanga. Alimtaka kwenye kioo kikubwa, na kioo kikubwa nilichokuwa nacho kilikuwa cha kompyuta mbovu. Ilishaanguka, nusu yake ya kulia ikawa nyeusi tii, na kipanya chake nacho kilikuwa kimekufa.

Kompyuta hiyo aliniachia kaka alipokwenda ughaibuni. Aliiwekea Linux, mfumo mwepesi wa kuendeshea kompyuta, kwa sababu ilikuwa kuukuu, akanilazimisha kujifunza kusogeza madirisha kwa vitufe. "Panya atakufa siku moja," aliniambia, "vidole utabaki navyo." Niliona ananichosha bure. Mama alikuwa akisema Wanyamwezi walibeba mizigo hadi pwani kwa miguu na bado wakarudi. Wa kwake kapanda ndege, atashindwaje kurudi?

Asubuhi ile, nyumbani kwetu Cheyo, umeme ulikatika kabla kaka hajapiga, na betri ya kompyuta haikuwa ya kutegemea. Kiharusi kilikuwa kimemwachia mama upande wa kulia tu. Kwa mkono wake mzima alikuwa ameushika wangu wa kulia tangu alfajiri. Hospitali walishatuambia tumrudishe nyumbani, na maana yake hakuna asiyeijua.

Kaka akapiga. Sauti tuliisikia, akimwamkia mama kwa Kinyamwezi: "Wangaluka, mayu." Lakini dirisha lenye uso wake lilifungukia palepale pabaya, kwenye nusu nyeusi.

"Yuko wapi?" mama akauliza. Maneno yalimtoka kwa shida.

"Anakuja, mama."

Dawa nilikuwa naijua. Unashikilia kitufe chenye alama ya dirisha, kule chini kushoto, kisha unabonyeza mshale wa kushoto, ambao wenyewe uko kulia kabisa. Dirisha linaruka hadi nusu nzima ya kioo. Ni kazi ya mikono miwili, na mimi nilikuwa na mmoja. Nilitanua vidole hadi vikauma, havikufika. Nilifikiria hata kutumia pua. Kila nilipojaribu kuuchomoa mkono, mama alizidi kuukaza, na machoni mwake niliona hofu ambayo sijawahi kuiona kwake, yeye aliyetulea peke yake. Betri ikaanza kulia. Kaka naye, huko gizani, akawa anauliza, "Mnaniona?" Nilitaka kupiga kelele.

"Mama," nikasema, "mvute wewe."

Nikaisogeza kompyuta hadi mkononi mwake, nikamwonyesha mshale. Akakunjua kidole kimoja tu. Vingine vikabaki vimenishika. Mimi nikashikilia kitufe changu, yeye akabonyeza.

Kaka akatokeza, uso mzima, ndevu hazijanyolewa, analia.

Mama akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Kwa furaha akabonyeza tena, na kaka akarudi gizani, kwa sababu mshale ule ukibonyezwa mara ya pili hulirudisha dirisha lilikotoka.

"Nimemfukuza?"

"Hapana, mama. Mvute tena."

Akamvuta. Kisha betri ikaisha, kioo chote kikawa cheusi, na yeye akaendelea kubonyeza.

Tulimzika kabla kaka hajapata ndege. Fundi wa kule Kanyenye ameniambia kioo kinabadilishika, lakini sijampelekea. Dirisha likifungukia upande mbaya nalivuta kwa mikono yote miwili, mara moja tu, bila taabu. Mkono wangu wa kulia haushikwi na mtu.