Mkimbiaji Asiye na Msiba

Nilitoka Njombe kwa sababu miguu ilikuwa imenikataa. Mbio za maili ishirini na sita zilitangazwa kufanyika Makambako, na watatu wa kwanza wangepelekwa Dar es Salaam. Niliitamani Dar kuliko chakula. Basi kila Jumamosi nilikimbia maili zote ishirini na sita, na kila Jumapili nikashindwa hata kusimama kanisani wimbo ukiimbwa. Nikaona niende kwa miguu hadi kwa shangazi, Makambako, angalau niizoee barabara ya mbio.

Alfajiri, ukungu ukiwa bado kwenye miti ya miwati, nilianza kwa kasi. Sikufika mbali. Wanawake waliokuwa wakipalilia viazi waliniona, wakatupa majembe, mmoja akaanza kulia. Kwetu, mtu mzima akionekana anakimbia njiani, ujue kuna aliyekufa.

"Nani ametutoka, mwanangu?" aliuliza mama mmoja, keshajifunga kanga kiunoni tayari kwenda kwenye msiba.

"Hakuna, mama. Nafanya mazoezi ya kukimbia."

"Unakimbia ili ujue kukimbia?" Walicheka mpaka machozi yakapata kazi nyingine. "Basi salimia watu vizuri. Mwenye msiba hana muda wa salamu."

Tangu hapo, kila penye watu nilipunguza mwendo, nikaita salamu ya kwetu, "Kamwene!", nikaulizwa habari za nyumbani, za mahindi, za mvua. Mwanzoni nilichukia, nikidhani wananiharibia siku. Kumbe kila niliposalimia, pumzi ilirudi.

Karibu na Mtwango, kama maili kumi na sita kutoka nyumbani, nilifungua kinywa nisalimie, sauti ikagoma. Mzee aliyekuwa ukingoni mwa barabara akashika kichwa: "Msiba wa nani?" Nikaacha kukimbia, nikatembea njia yote iliyobaki.

Jioni, Makambako kukiwa na upepo wake, shangazi alinipakulia ugali wa ulezi.

"Umetoka Njombe na bado unaongea?"

"Sauti ilipokatika, niliacha kukimbia."

"Ungekuwa na akili hiyo mapema, usingekonda hivi."

Nilirudi kwa lori la mahindi, miguu mizima, moyo mweupe. Sikukimbia tena maili zote mazoezini. Mbio ndefu ziliishia pale salamu ilipoanza kukatika, na maili zilizobaki niliziweka akiba kwa siku ya mashindano.

Siku yenyewe, maili ya mwisho, nilikuwa wa nne. Nikamfikia wa tatu, nikamwambia, "Kamwene." Alifungua kinywa, hakikutoka kitu. Nikampita.