Wimbo wa Shukrani Alioniagiza Mdogo Wangu

Jamani, mshawahi kuona watu wanazika huku wanaimba wimbo wa shukrani?

Mimi nimeona. Mpiga kinanda nilikuwa mimi mwenyewe, na marehemu ni mdogo wangu wa kike.

Mimi ni mwalimu wa kwaya. Yeye aliongoza sauti ya kwanza. Akiingia, hata waliosinzia wanaamka.

Akaugua, akalazwa. Kila nikienda wodini nasimama tu. Maumivu yanamkamata, mimi natumbua macho.

Siku moja akaniambia, "Kaka, nitungie wimbo wa shukrani."

"Upone kwanza."

"Wee tunga tu."

Nikatoka mbio. Angalau nimepata cha kufanya!

Nikatunga kama kichaa. Asubuhi kinanda, mchana mazoezi na kwaya, jioni nampelekea rekodi kwenye simu. Anasikiliza kafumba macho.

"Besi wako wanakoroma. Wapandishe kidogo."

Tulicheka mpaka nesi akatufokea.

Jioni nyingine akasema, "Kwenye kiitikio toa 'umeniponya'. Weka 'umenishika'."

"We mtoto, vina vinakufa!"

"Vife."

Nikabadilisha shingo upande.

Sauti zote nne zilipokaa sawa, nikapanda ngazi za hospitali nakimbia.

Kitanda kitupu. Shuka safi.

Mama alikuwa pembeni, kakumbatia nguo za mdogo wangu.

Sijui kwa nini, nikauliza, "Mama, sasa huu wimbo niufanyeje?"

"Utaupiga tukimzika. Ndivyo alivyotaka."

"Alisema lini?"

"Kabla hujaanza kuutunga. Daktari alishamwambia hatapona. Akaniapisha nisikwambie. Alisema, 'Kaka anateseka kusimama hapa bila kazi. Ngoja nimpe kazi.'"

Nikakaa sakafuni palepale.

Nilijua namuuguza. Kumbe yeye ndiye alikuwa ananiuguza mimi!

Siku ya kuzika nikapiga. Pale pake pa kuongoza hakuna aliyethubutu kuingia. Kinanda kikapita peke yake, kwaya wakaangalia chini.

Siku hizi wimbo unaombwa mpaka kwenye harusi. Watu wananipa mkono, "Mwalimu, una kipaji!" Natabasamu.

Wewe mwenye mgonjwa, nisikilize. Usihangaike kutafuta cha kufanya. Kaa naye. Mshike mkono, hata kama huna neno la kusema. Hiyo nayo ni kazi, tena ndiyo ngumu kuliko zote.