Besi ya Balozi

Kinanda nilijifunzia misheni, Itigi, kwa sista mmoja mzee aliyenigonga vidole kwa penseli kila nilipoukimbiza wimbo. Kilikuwa kinanda cha kukanyaga: miguu inasukuma upepo, mikono inapiga. Nilipomaliza chuo cha ualimu nilipangiwa shule ya kijiji kipya cha ujamaa, na sista akanipa kinanda kidogo kilichokuwa kimelala stoo. Kilisafiri kwenye lori, juu ya magunia ya mbegu za uwele.

Mchana nilifundisha, jioni nilitunga. Misa, zaburi, nyimbo za Krismasi, zote kwa sauti nne, na mahadhi ya Kinyaturu niliyosikia kwa mama yangu. Wanawake wa kwaya yetu waliimba vizuri sana. Wanaume walikuwa wachache, na besi yao ilikwama kila mara juu ya pale nilipotaka ishuke.

Kisima cha kijiji kilipokaribia kufunguliwa, mwenyekiti aliniomba nitunge wimbo, nichukue waimbaji popote, Wakristo kwa Waislamu. Mazoezi ya kwanza alikuja balozi wetu wa nyumba kumi, Mwislamu, mfugaji, mtu mzima asiye na maneno mengi. Akakaa nyuma. Nilipofika noti ya chini kabisa aliiimba bila kujikaza, kama anayeongea. Niliacha kukanyaga ili nimsikie vizuri.

Tangu hapo kila nilichotunga nilikisikia kwa sauti yake. Hata misa. Niliandika besi ambayo kanisani hakuwepo wa kuiimba, na wanaume wangu wakaanza kunung'unika. Padri alipokuja kigangoni aliniuliza kwa upole ninamtungia nani. Nikamwambia ukweli. Akacheka, akasema basi twende tukamwombe aimbe Krismasi.

Tulimkuta zizini. Nikampa shikamoo, tukaketi kwenye vigoda, mkewe akatuletea maziwa. Padri akaeleza shida yetu. Balozi alimkuna ndama shingoni.

"Padri, kuimba ibada yenu siwezi," alisema. "Nitakuwa nawadanganya ninyi, na mimi mwenyewe pia."

Padri akasema ameelewa, na kweli hakuonekana kuudhika. Mimi nilijikaza nisionyeshe huzuni. Ndipo balozi akanigeukia.

"Lakini vijana wako, mwalimu, waje hapa. Hata ng'ombe haitwi kwa kubana koo."

Wakawa wanaenda kila Jumamosi mchana. Aliwafundisha kuita mifugo, na wake zao wakawacheka, na kijiji kizima pia. Krismasi ilipofika si wote walioweza, ila mmoja alishuka hadi chini kabisa, na wenzake wakamfuata karibu na hapo. Nilikuwa nakanyaga huku machozi yakinitoka.

Nimetunga nyimbo nyingi tangu Krismasi ile. Miaka michache baadaye redio ilipiga mojawapo, ikiimbwa na kwaya ya mjini. Nilimwalika balozi na mkewe nyumbani waje tusikilize pamoja. Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa amekiinamisha, akauliza ni akina nani wale. Nikamwambia.

"Wanajitahidi," akasema, kisha akaomba aongezewe chai.