Kigezo cha Mahurunga

Nimechoka kuwa mtu wa kusema hapana. Nasema hili mapema ili msomaji asidhani naleta habari za ushindi.

Orodha yetu ilianza vizuri. Tulikuwa walimu, wauguzi na watu wa bandarini hapa Mtwara, tukaweka mtandaoni orodha ya programu za simu na kompyuta zinazoweza kumfaa mtu wa kawaida. Yeyote aliruhusiwa kuongeza. Basi watu wakaongeza: za kamari, za mikopo ya kudhalilishana, mpaka za kutabiri nyota. Mie mwalimu wa hesabu nikatwishwa kuandika vigezo, eti mwalimu kazoea kusahihisha. Tulibishana mpaka nikawa nikiona grupu la WhatsApp limewaka, naigeuza simu kifudifudi. Mwishowe tukakubaliana machache: programu iwe ya bure, isichungulie namba za watu, na mmoja wetu awe ameijaribu kule kule itakakotumika. Hicho cha mwisho nilikitaka mimi. Laiti ningejua.

Rafiki yangu, muuguzi hapa mjini, alitengeneza programu ya kukumbusha dawa. Alijifunza mwenyewe baada ya zamu, macho yamemvimba. Sababu ilikuwa mama yake, mgonjwa wa kisukari anayeishi peke yake Mahurunga, karibu na mto Ruvuma. Saa ya dawa ikifika simu hailii kengele, inatoa sauti ya bintiye: "Mama, dawa." Zahanati zilikuwa zimeanza kuwaelekeza wagonjwa kwenye orodha yetu, na rafiki yangu alitaka programu yake iingie kuliko nilivyowahi kumwona akitaka kitu chochote.

Nikaenda Mahurunga kuijaribu, nikalala kwa mama yake. Saa kumi na mbili asubuhi simu ikaita, "Mama, dawa," naye akameza. Tukanywa chai. Saa moja ikaita tena, "Mama, dawa." Nikaichukua kuitazama. Ilikuwa imenasa mtandao wa ng'ambo ya mto, ina ujumbe wa kutukaribisha Msumbiji, na saa yake imerudi nyuma, maana wenzetu kule wako nyuma yetu kwa saa moja. Kwa simu ile, saa kumi na mbili ilikuwa imefika upya. Mama hakumeza tena. Aliitika tu, "Naam mwanangu, nimeshameza," akaendelea kumenya muhogo.

Lakini mwingine angemeza. Na vidonge vya kisukari si njugu. Ukivirudia, sukari inaweza kushuka usiamke. Wenzangu wote walikubali kwamba isiingie mpaka itengenezwe upya. Ilipofika zamu ya kuuliza nani atamwambia, wote wakanigeukia. Nikakataa.

Basi tukafanya kama tunavyofanya huku. Neno zito hupelekwa na mtani, kwa kuwa mtani hakasirikiwi. Tulikuwa naye, wakala wa forodha bandarini. Kabila lake na la rafiki yangu wanataniana tangu mababu. Akamwendea, akamwambia, "Mtani, programu yako tumeitupa Ruvuma, na mamba wameitapika." Rafiki yangu akacheka mpaka akashika ukuta. Kwake yeye, mtani akikuponda hivyo, ujue mambo yako yamenyooka. Kikao kilichofuata akaja na hotpoti la ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, kutushukuru.

Sote tukatazama sakafu. Mtani wake akatazama dirisha. Nikaona ni mimi tena. Nikamweleza yote: mtandao, saa, dozi ya pili.

"Shoga, nilidhani uko upande wangu," akasema.

"Niko upande wako."

"Basi kiondoe hicho kigezo chako."

"Siwezi."

Akafunika hotpoti lake. Alipofika mlangoni akasema, "Nenda wewe basi ukaifute kwenye simu ya mama, umweleze na sababu. Mimi sina uso." Msema kweli mpenzi wa Mungu, wanasema. Hawasemi ni mpenzi wa nani mwingine.

Nikaenda. Nilimwamkia mama shikamoo, nikamweleza huku nakwepa macho yake. Nilitegemea anifukuze.

"Ifute, mwanangu," akasema.

"Hutaikosa sauti yake, mama?"

Akapangusa kioo cha simu kwa ncha ya kanga. "Kabla hajaniwekea hii, alikuwa ananipigia mwenyewe kila asubuhi. Anauliza dawa, anauliza nimelalaje, ananichekesha. Tangu imeingia, hajapiga. Futa. Pengine akijua haipo, atapiga."

Nikaifuta mbele yake. Nikamtumia rafiki yangu maneno ya mama yake kama yalivyo, bila kuongeza langu. Mpaka leo hasemi nami, na inaniuma, sina haja ya kuficha. Orodha ipo, vigezo vipo, watu wanasifu kwamba siku hizi imenyooka. Sina hata nguvu ya kuwajibu.

Juzi nilichoka na kununiana. Nikaamua nimpigie kabla hajaingia zamu, tuyamalize. Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, saa ya dawa. Namba yake ilikuwa inatumika. Nikangoja, nikapiga tena, bado inatumika. Jana vivyo hivyo, saa ile ile. Nikaiweka simu mezani, nikaenda kubandika chai.