Pipa la Dawa ya Mikorosho

Alhamdulillahi. Namshukuru Mola aliyeniachia umri wa kukumbuka, na ulimi wa kusema nilipokosea.

Wewe usomaye, nikuite mwanangu, ipo siku moja ya kiangazi ambayo haijanitoka. Ni kwetu kijijini Masaki, miaka ya Ujamaa, tukilima shamba la pamoja. Kisima kilikuwa mbali, na pipa la dawa ya kupulizia mikorosho lilikuwa tupu. Mimi, kijana niliyesoma kidogo, nikasema tulioshe, tuweke humo maji ya kunywa.

Nililisugua kwa mchanga na majivu mara tatu. Kisha nikapima: nikawanywesha kuku wawili maji yake. Siku ya pili bado walikuwa wakichakura jalalani.

Mzee Kondo, mlinzi wa kisima, akanitania kama babu anavyomtania mjukuu. "Ewe mwalimu wa kuku! Kuku wako kaishi siku mbili. Mkeo unataka aishi siku ngapi?"

Watu wakacheka. Nikamjibu, "Babu, humo hata harufu haimo. Nionyeshe aliyedhurika."

"Nikuonyeshe nani, na hajanywa mtu? Mitungi tunayo. Subiri bwana shamba aje aulizwe."

Sikusubiri. Nikalijaza pipa, na watu wakasimama wakitazamana. Mke wangu Zena, mwenye mimba ya miezi mitano, akaona naaibika. "Ya mume wangu haya," akasema, akanywa kata nzima.

Kabla ya mvua, mimba ilitoka. Je, ni maji yale? Wallahi, sijui. Wa hospitali nao hawakujua, na wengine waliokunywa walibaki wazima. Zena hakunilaumu hata siku moja. Hatukujaliwa mtoto mwingine, naye sasa ametangulia mbele ya haki. Nautamani mtungi wake uliokuwa ukipoa nyuma ya mlango, na sauti yake akiniita nije kula. Husemwa majuto ni mjukuu. Mimi sina mjukuu mwingine.

Mwanangu, kupima ni kwema, na elimu ni neema. Lakini kipimo hujibu ulichouliza tu. Mimi niliuliza kama kuku atakufa. Sikuuliza habari za aliye tumboni. Usimdai mwenye hofu akuletee maiti ndipo umsikilize. Palipo na shaka, na mtungi ungalipo, beba mtungi. Ukiwa umejihadhari bure, umepoteza jasho tu.

Wewe usomaye, Mola akupe maji safi, uzao wenye afya, na sikio la kusikia mapema. Amin.