Jioni Mwalimu Alipomalizia kwa Kiorma

Nianze na ujinga wangu, ili mkicheka mcheke mapema. Nilipokuwa na miaka tisa nilikata waya wa redio ya Bibi nikatengeneza bangili nne, kisha nikaziba pengo kwa kamba ya mkonge. Niliamini sauti ikifika kwenye kamba itajikaza na kupita, kama mtu anavyovuka matope. Na darasani nilikuwa wa tatu, tafadhali. Mpaka leo redio ikianza kukwaruza, shhhh, ule mlio wa mchanga unaomwagwa juu ya bati, viganja vyangu hutoka jasho. Mume wangu huniambia nizime basi. Sizimi. Nakaa pale pale mkekani, mahali ninapokaa siku zote maana mimi si mtu wa kutoka, nasikiliza mpaka mtu aseme kitu.

Kijiji chetu kilikuwa chini kidogo ya Garsen ukifuata mto, na pale ndipo redio ya jamii ilipoishiwa pumzi. Stesheni yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ghala, bomba la chuma lililosimamishwa na kuitwa mnara, paneli moja ya sola na betri moja ya gari. Mtangazaji alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nasi tulimwita Mwalimu tu. Mshahara hakuwa nao. Kila jioni saa kumi na mbili alisoma matangazo: nani amefariki, kliniki ya watoto ni lini, ng'ombe wa nani hajarudi. Alisoma kwa Kipokomo, lugha yetu, akarudia kwa Kiswahili, akamalizia kwa Kiorma, kwa sauti ile ile ya kuita majina darasani. Bibi alikuwa akisema mbuzi akipotea kwa Mwalimu, amepotea mara tatu.

Pale kijijini redio ya Bibi ndiyo pekee iliyomnasa, na ni kwa sababu ya waya wa shaba uliotoka dirishani, ukapita chini ya makuti na kupanda mpaka kileleni mwa mti wa mkoma. Kwa hiyo kusikiliza ilikuwa kazi ya nyumba yetu. Likitoka tangazo zito, Mjomba Jilo alipiga debe, watu wakaja kuambiwa.

Mimi waya ule niliutazama kwa macho mengine. Jumapili tulikuwa tunaimba kanisani, na kila msichana alikuwa na bangili zinazolia mkononi isipokuwa mimi. Nilijiambia kinachonasa ni kipande cha juu. Cha chini ni mkia tu. Nikakata mchana, Bibi akiwa amelala.

Siku hiyo kwetu mvua haikunyesha, lakini mbingu zilikuwa zimefunga siku ya tatu, na mto ulikuwa umebadilika rangi, ukinuka udongo wa nchi nisiyoijua. Mama alikuwa ng'ambo ya mto, kwenye kibanda cha miti cha kulindia mpunga, pamoja na mdogo wangu Buya aliyekuwa bado ananyonya. Walikuwa walale huko wiki nzima, ndege wasitumalizie chakula.

Saa kumi na mbili Bibi akawasha. Shhhh. Akaipiga redio kofi la kwanza, la kuiamsha, kisha la pili, la adabu. Akatoa betri, akazipangusa kwa leso, akazirudisha. Shhhh. Mimi nilikuwa pembeni nachambua kunde, bangili nimezisukuma juu mpaka kwenye kiwiko, ndani ya mkono wa sweta. Niliogopa fimbo. Hofu yangu ilikuwa ndogo hivyo, ya ukubwa wa fimbo.

Kisha akaingia Mama Hawo, jirani yetu Muorma aliyetuletea maziwa kila jioni. Hakuketi. Alisema ng'ombe wao leo wamefika mtoni wakakataa kunywa, wakageuka wote kwa pamoja. Bibi akaiacha redio. Alikuwa na msemo wake, kwamba mto hupiga hodi mara moja tu, na nikamwona anatazama mlangoni.

"Kama kuna jambo, Mwalimu atasema," akasema.

Na redio ikaendelea kumwaga mchanga.

Hapo hofu yangu ikabadilika ukubwa. Niliwaza kwamba huenda Mwalimu anasema, sasa hivi, na ni mimi niliyemziba mdomo. Nilimwona Mama kibandani akimbembeleza Buya, mgongo ameupa mto. Nikavuta mkono wa sweta nikamwonyesha Mama Hawo. Bibi sikumwonyesha, maana Bibi alikuwa karibu na mwiko.

Mama Hawo alitazama bangili, akatazama dirishani, akaelewa. Hakunigombeza, laiti angenigombeza. Alizivua, akazinyoosha moja moja kwa meno, akazisokota na kuunga waya pale palipokuwa na kamba yangu. Bibi alimshikia taa ya mafuta.

Redio ikakohoa. Mwalimu akatoka, sauti nyembamba kama iliyopitishwa kwenye tundu la sindano. Lakini Kipokomo alikuwa ameshakimaliza. Kiswahili nacho kilikuwa kimepita. Alikuwa kwenye Kiorma.

Bibi akauliza anasema nini. Mama Hawo akainua kidole. Alisikiliza huku midomo ikicheza, na sauti ikaanza kufifia, neno likija na neno likienda, mpaka ikazimika. Nilidhani ni waya tena. Haikuwa waya.

"Anasema maji imepita Hola, huko juu ya mto, jana," akasema Mama Hawo. "Inafika huku leo. Watu ya shamba ng'ambo watoke kabla ya giza."

Mjomba Jilo alilipiga debe mara mbili tu, akampa mtu mwingine, akakimbilia mtumbwi. Sisi tulisimama ukingoni. Kulikuwa na ngazi zilizochongwa kwenye udongo, za kuteremkia kuchota maji, na nilitazama mto ukizipanda moja baada ya nyingine, bila haraka, kama mgeni anayeijua nyumba. Viboko hawakusikika. Giza lilikuwa linaingia mtumbwi ulipoonekana, mkondo umeusukuma mbali, na ndani yake niliona kichwa kimoja tu, cha Mjomba. Kisha Mama akainuka. Alikuwa ameinama akitoa maji kwa sufuria, Buya amefungwa mgongoni.

Asubuhi kibanda hakikuwepo. Hapakuwa hata na mahali pa kusema kilikuwa hapa.

Nilipomaliza kidato cha nne nilifunga moja ya safari zangu chache, nikaenda kumwuliza Mwalimu kuhusu jioni ile. Akaniambia sola ilikuwa haijapata jua siku tatu, na taa nyekundu ya betri iliwaka akiwa katikati ya Kiswahili. Alijua betri haitafika mbali. Wenye mashamba ng'ambo wengi ni Wapokomo, kwa hiyo alifikiria kuacha Kiorma arudie Kipokomo. Lakini, akasema, huwezi kujua nani yuko karibu na redio. Akaendelea na Kiorma mpaka kila kitu kikazima, akakaa gizani.

Utotoni niliamini Mwalimu anatuona. Kumbe redio ile ilikuwa na mdomo bila sikio. Alirudi nyumbani usiku ule asijue kama amezungumza na watu au na matete, na kesho yake akaja tena kuwasha. Mimi hofu yangu ilikuwa ya jioni moja.

Stesheni bado ipo. Wiki hii utaisikia, wiki ijayo kimya: mara kipuri, mara kibali, mara betri ile ile. Watu husema simu zinatosha, na kweli zinatosha, mpaka mafuriko yaondoke na mtandao.

Juzi redio ilikuwa imenyamaza siku ya sita, na Mama Hawo, mzee sasa, bado jirani yetu, akapita kunisalimu. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikamwomba msamaha kwa waya ule, baada ya miaka yote hiyo. Akanitazama kama ng'ombe aliyekataa maji.

"Mtoto anakata waya, hiyo ni kazi ya mtoto," akasema. "Sisi watu wazima tuliweka kijiji mzima juu ya mwalimu moja na betri moja, na mpaka leo iko hivyo. Sasa mjinga ni nani?"