Meno Niliyovaa Kuwapokea Wakwe

Mkicheka chekeni tu, maana hata mimi nikiikumbuka ile siku ya kuwapokea wakwe kutoka Migori huwa naona haya na kujidharau kwa pamoja, na sijui kwa nini mwanamke mzima kama mimi, niliyelea watoto na kuzika mume, nilidhani mdomo wangu unahitaji fundi.

Sisi Wajaluo wa rika langu tuling'olewa meno sita ya mbele ya chini tukiwa wadogo (ndiyo ilikuwa mila, na ukilia ulichekwa), na miaka yote ile pengo halikunisumbua, nilikula samaki nalo na nikaimba kanisani nalo. Sasa Akinyi, binti wa marehemu kaka yangu niliyemlea hapa Rangwe, akapata mchumba Mkuria, mwalimu kwa jina Mwita. Wakuria hawang'oi hayo meno. Basi kwa ujinga wangu nikawaza watanitazama mdomo waseme Akinyi ametoka kwa washamba, nikapanda gari hadi Homa Bay kwa bwana mmoja aliyejiita denti, yaani daktari wa meno, mwenye chumba nyuma ya duka la mbolea na koti jeupe lenye madoa ya chai. Akanipima mdomo kwa nta, na niliporudi akanivalisha meno meupe kuliko sahani, yaliyoshikwa na vibanio vya chuma.

"Mama, sasa wewe ni msichana," akasema, nami nikamwamini, nikapita sokoni nikiwatabasamia hata watu tuliogombana. Jirani yangu Min Atieno peke yake ndiye aliyeniambia ukweli. "Unakaa kama umeazima mdomo," akasema, nikamwona ana wivu.

Kitu nilichosahau ni vigelegele. Kwetu, wageni wa mahari hawavuki lango mpaka shangazi wa binti apige sigalagala, na lazima aanze yeye ndipo wanawake wengine wafuate. Akinyamaza, basi wageni wamekataliwa. Mshenga wetu alikuwa amewafundisha Wakuria hayo yote, tena akamwambia Mwita kwamba chochote kitakachotoka kwa mama mkwe akipokee kwa mikono miwili, kichwa kikiwa chini.

Wakaja na ng'ombe, Mzee Chacha baba yake Mwita akiwa mbele na kofia yake, wakasimama langoni kama walivyoambiwa. Nikafungua mdomo. Ulimi ukagonga yale meno, yakainuka, ikatoka hewa tu, fyuu, kama baiskeli iliyotoboka. Nikafunga mdomo yasianguke, na kwa kuwa sikujua la kufanya nikatabasamu. Nikajaribu tena, fyuu, nikatabasamu tena (fikirieni watu wamesimama juani na ng'ombe wao, na mwenye mji anawaonyesha meno kama tangazo la dawa ya mswaki).

Mzee Chacha akamgeukia mshenga. "Huyu mama anatucheka?"

"Ngoja kidogo, mzee."

"Tumengoja ya kutosha. Kama hawatutaki waseme tu, tunarudi na hizi ng'ombe zetu."

Vijana wake wakaanza kuwageuza ng'ombe. Akinyi, ambaye hakutakiwa hata kuonekana, akatoka jikoni akasimama nyuma yangu, sauti inamkatika. "Waya," akaniita, maana ndivyo tunavyomwita shangazi, "umeamua kuniharibia?"

Hapo nikaogopa kweli. Nikatia vidole mdomoni mbele ya watu wote nikavuta, vibanio vikakataa, nikavuta kwa hasira huku namtukana yule denti moyoni, na meno yakachomoka yakaruka, yakaanguka kwenye vumbi miguuni pa Mwita.

Kwetu mkwe hatakiwi hata kumtazama mama mkwe akila, sembuse kushika kilichotoka kinywani mwake. Lakini Mwita akatoa leso safi, akaitandika mikononi, akainama akayaokota kwa mikono miwili, kichwa chini.

"Asante sana, mama," akasema.

Nikapiga sigalagala kwa pengo langu, nusu ikiwa kilio, mpaka ng'ombe wakashtuka, na wanawake wakaitikia, na wageni wakavuka. Mzee Chacha alipomfikia mshenga akapunguza mwendo.

"Hii ya kurusha meno, nayo ni mila yenu?"

Mshenga akatazama chini. "Ndiyo, mzee. Lakini tunawafanyia watu wa heshima tu."

Akinyi akaolewa, namshukuru Mungu. Meno niliyatupa chooni jioni ileile, na nimeapa hakuna fundi atakayeingiza tena mkono kinywani mwangu, hata nikibaki na ufizi mtupu.

Ningekuwa nimeshasahau, lakini mwaka uliofuata mdogo wake Mwita akaja kuoa huko Kosele, kwa Wajaluo wenzetu, nami nikaalikwa. Shangazi wa pale akapiga sigalagala nzuri kabisa, na Wakuria hawakusogea. Kijana alikuwa amesimama langoni, leso imetandikwa juu ya viganja viwili, na Mzee Chacha amekunja uso.

"Mbona huyu hajarusha meno?" akaniuliza mbele ya watu. "Ama safari hii sisi si watu wa heshima?"